Laini ileile, meza ileile: simu moja inasoma 4G, nyingine H+. Tatizo ni simu, laini au mnara?

#1 Mgosi wa Soni
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa simu, toleo jipya likitoka lazima nilifuatilie kuanzia kamera hadi chipu. Sasa hivi natumia simu ya daraja la juu iliyotumika, asili yake Japani, nimeichukua Kariakoo. Nikiwa Dar ilikuwa inasoma 4G mwanzo mwisho: Mbezi, Ubungo, Posta, hata ndani ya daladala iliyofurika. Nimehamishiwa Lushoto kikazi, nakaa bondeni njia ya kwenda Magamba. Nikifika nyumbani tu inashuka H+, yaani 3G, na haipandi tena.

Simu ya mke wangu, hizi za bei ya kawaida zilizojaa kila duka, iko pale pale mezani inasoma 4G na video haigandi. Mtandao tunatumia mmoja. Simu yangu ina kamera kali, kioo safi, kasi ambayo ile ya kwake haiisogelei, ila kwenye intaneti naishia kuomba hotispoti kwake. Ya kwangu nikiwasha hotispoti watu wanaunganishwa vizuri lakini intaneti haipiti.

Naweka hoja mezani: bei ya simu na uwezo wa kushika mtandao ni vitu viwili tofauti. Wenye ujuzi nisaidieni, nianzie wapi?

#2 Kibatari
Naweka kambi hapa. Na mimi yananikuta hayohayo.

#3 Mama Vocha
Anza na laini. Mimi ni wakala, naziona kila siku. Mtu ana laini aliyoinunua enzi za Celtel, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010, kadi ni ileile ameikata kwa mkasi iingie kwenye simu mpya. Kadi za zamani zile ni za 2G, hazina kinachotakiwa ili mnara wa 4G uitambue. Nenda dukani na namba yako ya NIDA, weka kidole, upewe kadi mpya, namba inabaki hiyohiyo. Kuna watu wamebadilisha simu mbili tatu wakati shida ni kadi.

#4 Fundi Msimbazi
Mkuu, hiyo simu imeshafunguliwa. Simu za mtumba nyingi kabla hazijakufikia zimebadilishwa betri au mfuniko wa nyuma. Ndani kuna kawaya kembamba kanakotoka kwenye ubao mkubwa hadi chini kwenye antena. Fundi akikarudisha vibaya, au akiacha skrubu moja inayobana antena kwenye fremu, simu inakuwa hodari palipo na mnara wa karibu na dhaifu ukitoka mjini. Dar kuna mnara kila kona, huwezi kugundua. Mlimani ndiyo inajulikana. Nimeshazifungua simu za namna hiyo, unabana skrubu tu mtandao unapanda mbele ya macho ya mwenye simu.

#5 Mgosi wa Soni
Mama Vocha, asante. Nimechukua laini ya mke nikaiweka kwenye simu yangu: H+. Ya kwangu nikaiweka kwake: 4G papo hapo. Kwa hiyo laini naitoa kwenye orodha.
Fundi, aliyeniuzia aliapa haijaguswa. Mfuniko umekaa vizuri, hakuna alama ya gundi. Lakini siwezi kuapa pamoja naye.

#6 Fundi Msimbazi
Muuzaji wa Kariakoo akiapa, wewe fungua simu uangalie mwenyewe. 😂
Kwa kuanzia piga *#06#, chukua IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliweka namba hiyo wakati ule wa kuzima simu feki, Juni 2016. Jibu likija na jina la simu nyingine kabisa, ujue ubao umebadilishwa na umepigwa changa la macho.

#7 Ticha wa Mawimbi
Mnazunguka tu. Swali la kwanza lilitakiwa kuwa: simu hiyo ina bendi zipi?

4G haipo kwenye masafa mamoja. Hapa kwetu inarushwa kwenye megahezi 700, 800, 1800 na mengine ya juu zaidi, kila kampuni na fungu lake. Simu nayo inatengenezwa ikiwa na orodha ya bendi, yaani mafungu ya masafa, inazoweza kusikia. Kama mnara unatuma kwenye bendi ambayo simu haina, kwa simu hiyo 4G ya pale haipo, hata ukiukumbatia mnara. Itatafuta 3G kwenye 2100 au 900, bendi ambazo karibu kila simu duniani inazo, na itakuandikia H+.

Mjini kampuni zinapenda 1800 na kuendelea juu kwa sababu kuna nafasi ya kuhudumia watu wengi. Milimani na vijijini zinapenda 700 na 800 kwa sababu mawimbi yake ni marefu. 800 ni kama sentimita 37, 1800 ni kama sentimita 17. Lile refu linafika mbali, linapenya ukuta na linapinda kilimani vizuri zaidi. Ni kama mdundiko ukipigwa mtaa wa pili: filimbi inapotea njiani, besi inakufikia hadi chumbani.

Simu ya mkeo imetengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika, bendi za hapa inazo. Ya kwako imetengenezwa kwa ajili ya Japani. Jibu ndilo hilo.

#8 Kibatari
Ticha umenena. Hapo kwenye mdundiko hata mimi nisiyejua fizikia nimeelewa.

#9 Mgosi wa Soni
Ticha, nimeipekua simu yangu. Imeandikwa LTE, yaani 4G, bendi 1, 3, 19, 21 na 42. Bendi 3 ndiyo 1800, ndiyo maana Dar nilikuwa natesa. Lakini bendi 19 imeandikwa ni 800! Sasa kama huku wanarusha 800 na simu inayo 800, kwa nini isishike?

#10 Mswahili wa Deira
Nipo Dubai, nafanya kazi kwenye duka la simu zilizotumika, mzigo wa Japani napita nao kila wiki. Hapo ndipo wateja wengi wanapopotea. Mia nane ya Japani siyo mia nane ya Afrika Mashariki.

Bendi 19 simu inasikiliza kati ya 875 na 890, inatuma kati ya 830 na 845. Bendi 20, ambayo ndiyo mia nane ya kwetu na ya Ulaya, simu inasikiliza 791 hadi 821 na inatuma 832 hadi 862. Ona, kwenye kutuma zinaingiliana sana, kwenye kusikiliza hazikutani kabisa. Zote mbili vipeperushi vinaandika "800" na mteja anaridhika.

Kwa hiyo ukinunua, usiulize "ina 4G?" Kila muuzaji atakujibu ndiyo, na hadanganyi. Uliza namba ya bendi. Kwa Tanzania na Kenya tafuta 3, 20 na 28, hiyo 28 ndiyo 700. Ukizikuta zote tatu kwenye simu moja, hata ukienda kijijini huna wasiwasi.

Na hili halijaanza na Japani. iPhone 5 ilipotoka 2012, toleo la A1428 la Marekani lilikuwa na 4G ya bendi 4 na 17 tu. Ukiileta Afrika Mashariki inabaki ya 3G maisha yake yote. A1429 ilikuwa na bendi 3. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, mpaka usome maandishi madogo ya nyuma.

#11 Kijana wa Rutu
Mbona rahisi? Kuna programu za kompyuta zinafungua bendi kwenye chipu za Qualcomm. Unaweka alama kwenye 20 na 28, unawasha upya, kazi imekwisha.

#12 Fundi Msimbazi
Kijana, usimpoteze mwenzako. Chipu inaweza kukubali, lakini kati ya chipu na antena kuna vichujio, kila bendi na chake. Kama kiwandani hawakukiweka, ukifungua kwenye programu simu itaandika ina bendi 20 na haitasikia kitu. Halafu wengi wakichezea huko wanafuta IMEI, simu inakuwa ya kusikilizia muziki. Wananiletea wakiwa wameshaharibu.

#13 Kijana wa Rutu
Fundi, nakubali kuhusu vichujio, ila siyo kila simu. Kuna modeli vifaa vyote vimo ndani, kampuni imefunga kwa programu tu kwa sababu ya soko. Kuna moja niliifungua bendi 28 na inafanya kazi mpaka leo. Lazima uijue simu yako, usisome ya mwingine ukafuata.

#14 Mswahili wa Deira
Kijana na Fundi wote mna haki, inategemea modeli. Mgosi, umeuliza pia kuhusu hotispoti na hakuna aliyekujibu. Simu zilizouzwa na NTT Docomo, kampuni ya simu ya Japani, nyingi zimetegeshwa hivi: ukiwasha hotispoti tu, zinaacha APN yako (mipangilio ya kuingilia intaneti ya kampuni yako) na kurukia APN ya Docomo wenyewe. Huku hiyo APN haipo, ndiyo maana watu wanaunganishwa kisha intaneti haipiti. Siyo laini, siyo bando. Ongeza "dun" kwenye sehemu ya aina ya APN ujaribu. Ikikataa, unganisha kompyuta, kwa ADB (programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta) andika:

settings put global tether_dun_required 0

Baadhi zinakubali, baadhi zinagoma kabisa.

#15 Mgosi wa Soni
Deira, Mungu akubariki! Ya "dun" imegoma, ya ADB imekubali. Hotispoti inapita. Hata kama ni H+, inapita.

#16 Mama Vocha
Sasa mkeo atakushukuru, bando lake limepona.

#17 Besi ya Mbagala
Mnahangaika na maandishi ya 4G wakati 4G yenyewe wakati mwingine ni jina tu. Huku kwetu Mbagala mistari imejaa, 4G imesimama, lakini saa mbili usiku kila mtu akirudi kazini meseji ya WhatsApp inazunguka. Alfajiri, simu ileile, mnara uleule, video inashuka kabla hujakaa vizuri. Mistari inakuonyesha nguvu ya mawimbi, haikuonyeshi mmejazana wangapi. Mgosi, inawezekana H+ yako huko mlimani ina kasi kuliko 4G yangu. Pima kasi kwanza ndipo ulalamike.

#18 Ticha wa Mawimbi
Besi umeleta jambo la maana, na mnara nao unategemea nyaya zilizo nyuma yake. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, upande wa kusini karibu na Afrika Kusini, mistari ilijaa na intaneti ilikuwa taabu nchi nzima. Watu walizima na kuwasha simu siku nzima.
Lakini kwa Mgosi hilo halifai. Simu mbili, meza moja, mtandao mmoja, saa moja. Msongamano ungewapata wote wawili.

#19 Besi ya Mbagala
Siyo lazima, Ticha. Mmoja yuko kwenye redio ya 3G, mwingine yuko kwenye ya 4G. Foleni mbili tofauti.

#20 Mtaveta
Hamjambo majirani. Niko Taveta, upande wa Kenya, huku mpakani tunaona mengi. Safaricom walianza 4G Desemba 2014, na wengi wetu tulikuwa na simu zilizoandikwa 4G kwenye sanduku zisizoshika chochote, sababu ni hizo bendi anazosema jamaa wa Dubai. Nataka kuongeza la milima. Kwangu kuna chumba simu inashika mtandao wa Kenya vizuri, na baraza ambapo inarukia minara ya Holili, Tanzania, na kuniambia karibu ugenini. Hatua chache tu. Kilima kikikaa kati yako na mnara, bendi pekee haitoshi kueleza. Mgosi apande juu ya paa kwanza.

#21 Kibatari
Mgosi akionekana juu ya paa Lushoto na simu mkononi, wanakijiji watafunga kikao. 😂

#22 Binti Pangani
Nimesoma uzi wote na ninayo ya Kijapani kama ya Mgosi. Jamani ule mlio wa kamera unazimwaje? Nimeweka kimya, nimepunguza sauti yote, nikipiga picha inalia "kachaa" ukumbi mzima unageuka. Nilikuwa kwenye kikao cha harusi, kila picha watu wananiangalia.

#23 Mswahili wa Deira
Hauzimwi kwenye mipangilio, Binti. Kule kampuni zilikubaliana simu ziwe na mlio ili watu wasipigwe picha kwa siri. Weka programu nyingine ya kamera, nyingi zinakuwa kimya.

#24 Binti Pangani
Asante. Na ile antena ya kuvuta yenye alama ya TV? Nimeivuta, nimetafuta stesheni, hakuna hata moja.

#25 Kijana wa Rutu
Haitakaa ishike. Japani wanatumia mfumo wa TV wa ISDB-T, sisi ving'amuzi vyetu ni DVB-T2. Afrika hakuna nchi inayotumia ya Kijapani.

#26 Ticha wa Mawimbi
Kijana, Botswana wanaitumia. Walichagua mfumo wa Kijapani tangu 2013.
Na kwa kuwa mmeigusa TV, tukumbuke masafa haya tunayobishania hapa yalikuwa ya televisheni. Analojia ilizimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Masafa yaliyoachwa na TV ndiyo yakaja kuwa 700 na 800 za simu. Mwaka 2018 TCRA ikainadi 700. Kwa hiyo simu iliyotengenezwa kabla ya hapo kwa soko la mbali haikuwa na sababu ya kuwekewa bendi 28 kwa ajili yetu. Haikukosewa, ilitengenezewa watu wengine.

#27 Mzee wa Mobitel
Vijana mnazungumza 700 na 800, mimi nakumbuka Mobitel, simu nzito kama kiatu na mtandao unaupata ukisimama sehemu moja tu ya uwanja. Baadaye ikawa Buzz, kisha Tigo, sasa wanaitwa Yas. Wakati ule ukimpigia mtu akapokea, hata hamkumbuki bei, mnafurahi tu kusikiana. Lakini nina swali la kweli: kijijini kwangu Handeni wamejenga mnara mpya, tulisikia ni katika ile minara 758 iliyosainiwa Dodoma Mei 2023. Simu ya mjukuu wangu inasoma 4G, yangu ya laini mbili inasoma E, yaani 2G. Na yangu imeandikwa 4G.

#28 Mama Vocha
Shikamoo mzee. Angalia laini hiyo iko tundu la ngapi. Simu nyingi za laini mbili za miaka ya nyuma, tundu la pili ni la 2G tu. Hamisha iende la kwanza, au ingia kwenye mipangilio uchague ipi itumie intaneti.

#29 Mzee wa Mobitel
Marahaba mwanangu. Nimehamisha. Inasoma 4G! Barikiwa.

#30 Kijana wa Rutu
Mzee kapona kwa dakika, Mgosi bado yuko bondeni. Turudi kwenye uzi. Mgosi, tupe vipimo, tusibishane gizani. Weka programu ya NetMonster kwenye simu zote mbili. Itakuonyesha bendi na nguvu ya mawimbi, namba ya hasi. Ikiwa -85 ni nzuri, -110 ni hafifu, -120 unakaribia kupotea. Pima nyumbani, pima stendi ya Lushoto.

#31 Mgosi wa Soni
Nimepima, wakuu. Tulieni msome.

Stendi ya Lushoto: simu yangu inasoma 4G! Bendi 3, -94. Ya mke pia bendi 3, -91.
Nyumbani: ya mke inasoma 4G bendi 20, -103. Ya kwangu H+.
IMEI nayo nimeituma 15090, jina limerudi lilelile la simu yangu.

#32 Ticha wa Mawimbi
Imekwisha. Mjini mnara una 1800, simu yako inaishika. Bondeni inafika 800 peke yake, simu yako haina bendi 20. Uza hiyo simu kwa mtu wa Dar, ataipenda.

#33 Fundi Msimbazi
Haijaisha, Ticha. Mgosi, ya mkeo nyumbani inakaa bendi 20 muda wote, au kuna wakati inabadilika?

#34 Mgosi wa Soni
Fundi, swali lako limenifanya nikeshe. Usiku ikiwa karibu na dirisha la upande wa mjini, ya mke inahamia bendi 3, -112, inakaa hapo muda mrefu na intaneti inapita. Ya kwangu nimeiweka dirisha hilohilo, nikailazimisha LTE pekee. Inaandika hakuna huduma.

#35 Fundi Msimbazi
Sasa umeona? Bendi 3 inafika hapo kwako. Simu yako bendi 3 inayo, stendi imeishika. Kama ya bei ya kawaida inaisikia kwa -112 na ya daraja la juu haisikii kabisa, hiyo ni antena. Na hata stendi, ona tofauti, yako iko chini ya ya mkeo. IMEI kurudi sawa inaonyesha ubao ni wake tu, antena haihusiki. Ilete Msimbazi.

#36 Mswahili wa Deira
Fundi, tofauti ya namba 3 ile ya stendi ni mkono tu alivyoishika. Na -112 ni pembeni kabisa, simu mbili nzima zinaweza kutofautiana hapo. Kingine, simu za Kijapani nyingine hazikai kwenye "LTE pekee" zikiwa na laini ya nje, VoLTE yake (kupiga simu kwa njia ya 4G) haitambui kampuni ya huku, simu inauacha mtandao yenyewe. Mgosi, usilazimishe LTE. Iache kwenye hali ya kawaida dirishani usiku kucha, NetMonster ikirekodi.

#37 Mtaveta
Na paa?

#38 Mgosi wa Soni
Nimeiacha dirishani inarekodi, ya mke iko pembeni yake nayo inarekodi. Paa nitapanda mvua ikikatika, huku ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Fundi, Msimbazi nitakuja mwisho wa mwezi, usiifungue nisipokuwepo.

#39 Kibatari
Wakati tunasubiri: ya kwangu imeandikwa bendi 1, 3, 5, 8, 28. Ishirini haipo. Niko Kilosa. Nihame au nibadilishe mtandao?

#40 Mama Vocha
Bendi 28 unayo, jaribu laini ya mtandao mwingine kwanza kabla ya kuuza chochote. Uliza majirani wenye 4G wanatumia ipi.